Paka anatafuna alovera, niing'oe?

SWALI: Dada shikamoo, pole na majukumu. Mi niko Tabata, nimepanda alovera uani kwenye makopo ya rangi, naipaka kwenye nywele. Sasa nna paka mdogo wa miezi minne kaanza kuyatafuna majani, jana jioni katapika povu na leo asubuhi kaharisha. Jirani kasema nimpe maziwa na kipande cha panado, mama mkwe nae anasema mshubiri (ndo hiyo hiyo alovera) hauna shida mbona kuku wanawekewa kwenye maji kipindi cha mdondo na hawafi. Nimsikilize nani, na je niing'oe?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kwanza kabisa hiyo panado usimpe, hata robo, hata ile ya maji ya watoto! Ini la paka haliwezi kuisafisha parasetamo, ile dawa iliyomo kwenye panado, kama letu, kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa, sembuse huyo wa kwako. Naogopa panado kuliko hiyo alovera.

Alovera nayo ni sumu kwa paka, ndio, ila mara nyingi inamchafua tumbo tu, haimuui. Ukikata jani utaona utomvu wa njano mchungu unachuruzika chini ya ganda, sio ule ute mweupe unaopaka kwenye nywele, sasa kwenye huo wa njano ndo kuna kemikali inaitwa aloini, ikifika utumbo mpana bakteria wanaigeuza halafu inavuta maji kuingia tumboni ndo maana anaharisha hivo. Hata watu unawaharisha, Marekani mwaka 2002 dawa za kulainisha choo za huo utomvu zilitolewa madukani kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

Mama mkwe mjibu kwa heshima tu kwamba kuku sio paka, na kuku wanakunywa maji yaliyolowekwa mshubiri, huyu anatafuna jani bichi na utomvu wake wote.

Maziwa acha, paka wengi yanawaharisha zaidi. Usimlazimishe kutapika wala kumnywesha maji ya chumvi, mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji safi, muwekee maji ya kunywa karibu. Kinachonitia hofu ni kuishiwa maji, kwa joto la Dar na udogo wake, yani vuta ngozi ya mgongoni karibu na shingo uiachie, ikichelewa kurudi ujue hali sio nzuri. Ila kwa vile ashatapika na kuharisha usisubiri hata hiyo dalili, mpeleke kwa dokta wa mifugo leoleo na jani ubebe amuoneshe.

Kung'oa sio lazima, yatundike makopo ukutani asipofika. Cha kung'oa bila huruma ni maua ya oleanda na deseti rozi, sumu yake inaathiri moyo, na maua ya lili hata ya kwenye vesi usiyaingize ndani kabisa, maana paka akilamba tu ule unga wake uliomgandia kwenye manyoya figo zinaweza kufa.

Na kwa kuwa paka kutafuna majani ni kawaida yao, chukua ngano nzima isiyowekwa dawa, loweka usiku mmoja, ipande kwenye kopo, ikishachipua muachie ale hiyo.