Dola 500 za mtegemezi aliyevuka miaka 16

Dada, umeuliza kama mwanao akifikisha miaka 17 unapoteza kila kitu kwenye kodi ya Marekani. Hapana. Ile nafuu ya watoto inakoma mwaka anaotimiza 17, lakini ipo nyingine ya hadi dola 500 kwa kila mtegemezi, awe kijana wako wa chuo au mzazi unayemtunza. Ila inapunguza kodi unayodaiwa tu; kama hudaiwi, hupewi mkononi.

Kwa mama yako mzazi ndipo uwe makini. Si lazima mkae nyumba moja, lakini wewe ndiye ubebe zaidi ya nusu ya matumizi yake: pango, chakula, dawa. Tunza risiti, tafadhali. Kipato chake kinachotozwa kodi kwa mwaka 2025 kiwe chini ya dola 5,200, na awe na namba ya Social Security au ITIN, yaani namba ya kodi ya asiyeweza kupata ile ya Social Security. Akiwa bado anaishi Tanga na si raia wa Marekani, hahesabiwi hata ukimtumia pesa kila mwezi. Inauma, maana mzigo ni uleule. Kudai nafuu hii, unajaza Schedule 8812, karatasi ya kuihesabu, pamoja na fomu 1040 ya kodi ya mwaka.