Mzinga Unaojiendesha, na Mlango Uliokuwa na Uchungu

SWALI: Msomaji wa Morogoro anaandika: “Mwalimu, shikamoo. Natafsiri maelezo ya picha za Vita Vikuu vya Pili. Moja ni ya mtambo wa Wasovieti uitwao SU-76. Nimeandika ‘bunduki inayojiendesha yenyewe’. Mwenzangu amecheka, anasema andika ‘kifaru’, yaishe. Nani kapatia?”

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyepatia. Ila wewe umekosea kwa namna inayonipandisha presha, kwa hiyo nianze na mwenzako, ambaye kosa lake ni jepesi.

Kifaru kina kichwa kinachozunguka. Dereva anaweza kuelekea kaskazini huku mzinga unapiga mashariki. SU-76 haina kichwa hicho. Mzinga umefungwa ukitazama mbele, na ukitaka kulenga pembeni zaidi ya nyuzi chache, unaligeuza gari zima. Juu hakuna hata paa: toleo lililotumika sana, SU-76M, lilikuwa wazi, askari wakinyeshewa mvua na theluji, na adui aliye dirishani ghorofa ya pili aliweza kuwadondoshea guruneti mapajani. Makamanda walioitumia kama kifaru walipoteza watu. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya askari wa miguu, na pale bunduki ya rashasha ya Wajerumani ilipowalaza chini, kuipiga hiyo rashasha wakaendelea.

Kuhusu “bunduki” napita haraka. Bunduki hushikwa mkononi. Kitu chenye mdomo wa milimita 76.2 ni mzinga, jina tulilolitoa kwenye gogo la nyuki lililochongwa ndani likabaki tundu, na leo tunawapigia marais mizinga 21 bila kuwakumbuka nyuki.

Sasa “inayojiendesha yenyewe”.

Siku moja nilikwenda kwenye jengo fulani la ofisi mjini. Mlango wa kioo, na juu ya kioo karatasi imebandikwa kwa selotepu, herufi kubwa nyekundu: TAHADHARI, MLANGO HUU UNAJIFUNGUA WENYEWE. Nikasimama. Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikasoma tena. Unajifungua! Uchungu ulianza lini? Baba wa mtoto ni nani, dirisha? Na hilo neno “wenyewe” lilizidi kunitia huzuni, maana si kwamba mlango unazaa tu, unazaa bila mkunga. Nikiwa bado natafakari, mlinzi, kijana wa umri wa mjukuu wangu, akaniita: “Shikamoo mzee. Sogea mbele kidogo tu, utafunguka.”

Utafunguka. Kijana hakufungua kamusi, hakuhudhuria warsha ya istilahi. Alifungua kinywa, Kiswahili kikatoka. Aliyeandika lile karatasi, ambaye bila shaka ana ofisi yenye kiyoyozi na analipwa mara nyingi zaidi ya mlinzi, ndiye aliyekwenda kuazima -ji- mahali ambapo lugha ilishamwekea -k- tangu enzi za mababu: mlango hufunguka, taa huzimika, kamba hukatika.

Kiambishi -ji- kina kazi yake. Kinamrudishia mtendaji tendo lake: amejikata, amejipaka mafuta, amejitia hamnazo. Hakikuumbwa kiwe mtumwa wa kila self ya Kiingereza. Tena vitenzi vingi vyenye -ji- vimeshaolewa kwingine zamani. Nimewahi kuwa kwenye harusi ambapo mshereheshaji, akisimama karibu na sufuria za pilau, alitutangazia kwa furaha: “Karibuni mezani mjisaidie!” Wazee tulitazamana. Mama mmoja alirudisha sahani.

Na “kujiendesha” nako kuna wenyewe. Sote tumekua tukisikia redioni habari za mashirika ya umma yanayojiendesha kwa hasara. Hivyo nikisoma “mzinga unaojiendesha”, jambo la kwanza ninalotafuta ni mahesabu yake ya mwaka. Vijana wana maana nyingine tena: kwao gari linalojiendesha ni lile lisilo na dereva. Mpe mtoto wa miaka 15 sentensi yako, ataamini Wasovieti walikuwa na roboti mwaka 1943. Ndani ya SU-76M walikaa watu wanne: dereva, kamanda, mlenga shabaha na mpakia makombora. Wote waliganda kwa baridi, na hakuna aliyeambiwa kwamba mtambo unajiendesha.

Utaniuliza, mbona Warusi wenyewe waliiita samokhodnaya ustanovka, mtambo uendao wenyewe? Ni kweli. Lakini tazama walikuwa wanautofautisha na nini. Mzinga uliomo humo ni jamaa wa ZiS-3, mzinga wa magurudumu uliokokotwa na farasi au lori. Ukifika vitani, watu wanaufungua kwenye lori, wanausukuma kwenye tope kwa mabega, na adui hawasubiri wamalize. Wahandisi wakachukua chasi ya kifaru chepesi T-70, wakairefusha, wakaupandisha mzinga juu yake. Basi. “Wenyewe” hapo maana yake ni kwamba haukokotwi.

Kama kuna uliojiendesha kweli, labda ni ule wa kwanza, wa mwisho wa 1942. Uliwekewa injini mbili za gari sambamba, kila moja ikivuta mnyororo wa upande wake na giaboksi yake, na upande wa kulia haukuelewana na wa kushoto. Giaboksi zilivunjika moja baada ya nyingine hadi uzalishaji ukasimamishwa. Msanifu wake, Semyon Ginzburg, alibebeshwa lawama, akapelekwa mstari wa mbele, akafa huko mwaka 1943. Injini zikapangwa upya, moja nyuma ya nyingine zikisukuma kwa pamoja, na mtambo uliokuwa aibu ukatengenezwa zaidi ya 14,000. Katika magari ya deraya ya Wasovieti wakati wa vita, ni T-34 pekee iliyouzidi.

Askari hawakusubiri istilahi. Wajerumani walikuwa na dude lao zito la chuma, Ferdinand. Warusi wakaitazama SU-76 yao isiyo na paa, wakaiita, mniwie radhi, Ferdinand matako wazi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: walikipa kitu jina kwa kile kilichowauma.

Hukumu. Mimi nasema “gari la mzinga”. Ni fupi, msomaji analiona, na lina nafasi ya dereva. Ukisema “mzinga wa kujiendesha” sitakuandikia barua. Naona neno linaenea na mimi umri umekwenda, siwezi kugombana na kila mtu. Lakini “yenyewe” siisamehi.

Chini ya picha yako andika hivi: “SU-76M, gari la mzinga la Wasovieti, likiwafuata askari wa miguu.” Kisha uitazame tena hiyo picha. Kama yupo anayeonekana kichwa na mabega juu ya ukuta wa chuma, huyo hajajitokeza kupiga picha. Ndivyo walivyosafiri.