Ukuta wa Chumba cha Chini ya Ardhi: Unavuja au Unatoka Jasho?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nyumba yetu ina chumba cha chini ya ardhi, na miaka yote tumekifanya stoo. Sasa kijana wetu mkubwa anataka kuhamia humo. Shida ni uvundo. Ukuta mmoja unatoa unga mweupe kwa chini, na rangi ya kuzuia maji tumeshaipaka mara mbili, ikabanduka mara zote mbili. Siku za joto tunafungua madirisha kutwa nzima ili pakauke, lakini naona ndiyo kwanza panalowa. Fundi anasema tupake rangi nzito zaidi, jirani anasema tununue pampu. Tumfuate nani?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwa sasa msimfuate yeyote, kwa sababu hakuna aliyeuliza maji yanatoka wapi. Chumba cha namna hiyo hulowa kwa mvua inayotuama kando ya msingi, kwa maji ya ardhini yanayosukuma kuta na sakafu, kwa bomba linalovuja, au kwa hewa yenye unyevu inayogeuka matone ikigusa ukuta wa baridi. Dawa ya moja haiponyi nyingine.

Leo jioni tafuta nailoni safi inayopitisha mwanga. Kata kipande cha nusu mita kwa nusu mita, futa sehemu ya ukuta mpaka ikauke, kisha kibandike kwa utepe wa gundi pande zote nne, hewa isipite. Bandika kingine sakafuni. Viache siku mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa. Ukikuta nailoni imelowa kwa nyuma, au ukuta ule umekoza rangi, maji yanatoka ardhini. Kwa maelezo yako, nadhani utakuta yote mawili.

Nasema hivyo kwa sababu ya ule unga. Watu wengi huuogopa wakidhani ni kuvu, lakini mara nyingi ni chumvi. Maji yanapopenya ukuta huyeyusha chumvi zilizomo kwenye saruji na matofali, yakifika upande wa ndani yanakauka na kuziacha. Kwangua kidogo utie kwenye glasi ya maji: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Ikiyeyuka, ujue maji yanapita katika ukuta huo.

Na hapo ndipo rangi inaposhindwa. Maji yakisimama nje ya ukuta, kila mita 1 ya kina huongeza mgandamizo wa karibu tani 1 kwa mita ya mraba. Rangi iliyopakwa ndani inasukumwa kutoka mgongoni. Ipake tabaka tano ukipenda, itatuna malengelenge na kubanduka. Hata zile plasta maalumu zinazopenya na kushikamana na zege kwa ndani, ambazo ni nzuri, zinataka kwanza maji yapunguzwe nje.

Kwa hiyo, mvua kubwa ikinyesha, chukua mwavuli utoke nje. Tafadhali usiliruke jambo hili, dakika kumi hizo zina faida kuliko kopo lolote la rangi. Zunguka nyumba taratibu. Angalia kama gata zinafurika kwa majani, na bomba la kushushia maji linamwaga wapi. Mara nyingi utaona pale linapoishia pamechimbika kishimo kama bakuli, maji yanazunguka humo kisha yanazama, hatua moja tu kutoka ukuta wenye unga. Piga hesabu: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 25 linatoa lita 2,500. Yote hayo yakimwagwa kona moja ya msingi, ukuta gani utabaki mkavu?

Safisha gata, kisha refusha bomba limwage angalau mita 2 kutoka ukutani, zaidi kama nafasi ipo. Halafu rekebisha ardhi yenyewe: katika mita 3 za kwanza kutoka nyumbani ishuke walau sentimita 15, kwa udongo mzito ulioshindiliwa, si mchanga. Mabustani yanayomwagiliwa kando ya ukuta yasogezwe. Kisha subirini mvua kadhaa, mkirudia jaribio la nailoni. Nyumba nyingi hupona hapo hapo bila gharama kubwa.

Maji yakiendelea kuja, hasa kutoka sakafuni au kwenye kiungo cha sakafu na ukuta, basi jirani yako ana hoja. Hapo unahitaji bomba lenye matundu, lililofunikwa kokoto na kitambaa cha kuchuja udongo, likipeleka maji kwenye shimo lenye pampu. Pampu iwe na boya la kuiwasha yenyewe, valvu ya kuzuia maji yasirudi, na betri ya akiba, maana umeme hupenda kukatika mvua ile ile inapopamba moto. Kila baada ya miezi michache mwagia ndoo ya maji shimoni uone kama inaamka.

Mkiona ufa uliolala katikati ya ukuta, au ukuta umetuna kwa ndani, simamisheni kila kitu mwite mhandisi wa majengo. Udongo unausukuma ukuta huo, na hilo si suala la unyevu tena.

Kuhusu madirisha, nia yenu ni njema ila matokeo ni kinyume. Mita ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 ina gramu 21 hivi za mvuke. Ikishuka chini na kupoa hadi nyuzi 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17. Zinazobaki zinatua ukutani. Siku za joto na mvuke fungeni madirisha, mtumie mashine ya kukausha hewa, na mnunue kipima unyevu. Kisome chini ya asilimia 60, na bora zaidi kati ya 30 na 50. Kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla kuvu haijaota. Zulia na maboksi ya karatasi yasiwekwe chini.

Sasa kijana. Asilale humo mpaka mambo haya yawe sawa. Kwanza pimeni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini, ambayo ni ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo. Ikizidi kuna namna ya kuifyonza kutoka chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa. Pili, awe na njia ya pili ya kutokea, mlango au dirisha analoweza kupita mtu mzima bila ufunguo. Tatu, wekeni king'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotokana na moto. Jenereta na jiko la mkaa visiwashwe humo kamwe, na mitungi ya gesi ya kupikia isiwekwe, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini.

Soketi ziinuliwe juu, ziunganishwe na swichi inayojikata umeme ukivuja. Na ikitokea maji yamejaa, mtu asikanyage humo kabla umeme haujakatwa kutoka mahali pakavu. Kama swichi kuu iko ndani ya maji, piteni mbali, muwaite watu wa umeme. Kama maji yamejaa mpaka kimo cha mtu na udongo wa nje umeloa chapachapa, msiyavute yote kwa mkupuo. Toeni theluthi moja kwa siku, kwa sababu ukuta ulioachwa ghafla bila maji ndani unaweza kusukumwa na udongo ukaangukia humo humo.