Seva ya gumzo shuleni: kwa nini kompyuta ya sita inakataliwa

SWALI: Nafundisha kompyuta katika shule ya upili karibu na Kakamega. Intaneti yetu hupotea mara kwa mara, kwa hivyo nimeweka ngIRCd, programu ya seva ya gumzo la maandishi (IRC), kwenye kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Debian Linux ili ofisi, maktaba na maabara ziandikiane humu ndani. Ofisini wote wanaingia. Maabara ina kompyuta 30 na rauta yake yenyewe. Tano zinaingia, ya sita inakataliwa. Kuingia kwenyewe huchukua muda mrefu. Stima ikikatika maabara peke yake, mtu akirudi huambiwa jina lake linatumika. Ikikatika shule nzima, seva wakati mwingine hairudi. Je, ninunue mashine yenye nguvu zaidi?

JIBU: Mwalimu, pesa hiyo iwekee shughuli nyingine. ngIRCd ni nyepesi sana, na kompyuta 30 zinazotumiana maandishi haziwezi kuilemea hata mashine ya zamani. Kinachokusumbua ni mipangilio ya mwanzo, ambayo imewekwa kwa seva iliyo wazi kwa intaneti nzima, mahali ambapo kila anayebisha hodi anatiliwa shaka. Yako iko ndani ya ua wa shule.

Kompyuta ya sita kwanza. Usipogusa MaxConnectionsIP, huwa 5: anwani moja ya IP haiwezi kufungua miunganisho zaidi ya mitano kwa wakati mmoja. Rauta ya maabara inafanya NAT, yaani kompyuta zote 30 zinafika kwa seva zikiwa na anwani moja, ile ya rauta. Seva inaona mtu mmoja anayeingia mara sita. Ofisini kila kompyuta ina anwani yake, ndiyo maana huko hakuna lalamiko.

Unaweza kupandisha kikomo hicho hadi 40 na mambo yataenda. Lakini ningependa zaidi uigeuze rauta ya maabara iwe kama swichi tu, ya kupitisha data bila NAT. Zima DHCP yake (ugawaji wa anwani kiotomatiki), ipe anwani ya mtandao wa ofisi isiyotumiwa na kifaa kingine, kisha chomoa waya wa ofisi kutoka tundu la WAN (la upande wa nje) uuchomeke kwenye tundu la LAN (la upande wa ndani). Hapo kila kompyuta itapata anwani yake. Ukiacha NAT, siku mwanafunzi mmoja akisumbua na ukazuia anwani yake, umezuia chumba kizima. Na usidhani rauta hiyo inailinda ofisi. Mpangilio ulivyo sasa unaikinga maabara dhidi ya ofisi, huku kompyuta za maabara zikiweza kufikia za ofisi bila kizuizi.

Kuchelewa kuingia kuna sababu nyingine. Mtu anapounganishwa, seva hujaribu kupata jina la kompyuta yake kupitia DNS, huduma inayooanisha majina na anwani, halafu huiuliza kompyuta hiyo kupitia poti 113 ni nani anayeitumia. Huo ndio utaratibu wa Ident. Intaneti ikiwa imekatika, DNS haijibu. Ukuta-kinga ukimeza maswali ya poti 113 kimyakimya, seva inangoja mpaka ichoke. Zima vyote viwili, hamvihitaji.

Fungua /etc/ngircd/ngircd.conf. Sehemu hizi zimo tayari, kwa hivyo badilisha mistari iliyopo badala ya kubandika mipya mwishoni, na uondoe alama ya ; mwanzoni mwa mstari unaoutumia:

[Global]
Name = gumzo.shule.lan

[Limits]
MaxConnectionsIP = 40
MaxNickLength = 16
PingTimeout = 60
PongTimeout = 20

[Options]
DNS = no
Ident = no
PAM = no

Name lazima iwe na nukta angalau moja. MaxNickLength ya kawaida ni 9, kikomo kilichotoka katika RFC 1459, waraka wa mwaka 1993 unaoeleza kanuni za IRC, na Mwl_Barasa tayari ni herufi 10. PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji, ikiwa imewashwa bila kupangwa, watu hukataliwa kwa kisingizio cha nywila mbaya hata kama hujaweka nywila yoyote.

Jina linaloshikiliwa linatokana na stima kuzimika kabla kompyuta haijaaga. Seva haijui kwamba mtu ameondoka. Kwa kawaida hungoja sekunde 120 za kimya, hutuma PING (swali la kama bado upo), kisha hungoja jibu lake, PONG, sekunde 20 zaidi. Kwa hivyo jina linaweza kukaa limeshikwa hadi sekunde 140. Kwa mipangilio ya hapo juu ni 80. Usishushe sana, kwa maana swichi ikiyumba kidogo utawatoa watu wasio na hatia.

Kuhusu seva isiyorudi, angalia mstari wa Listen, unaotaja anwani ambazo seva inasikiliza. Ukiwa umeandika humo anwani moja, na mashine inapata anwani hiyo kwa DHCP, stima ikirudi seva inaweza kuamka kabla ya rauta. Anwani haipo bado, ngIRCd inashindwa kuishika, inazima. Ondoa Listen ili isikilize kwenye anwani zote, na uipe mashine anwani ya kudumu ndani ya Debian yenyewe. Kisha:

ngircd --configtest
systemctl enable ngircd
systemctl restart ngircd
ss -ltn | grep 6667

Amri ya kwanza inasoma faili na kutaja makosa, kwa hivyo usiiruke. Restart hutoa kila mtu, basi ifanye baada ya masomo. Ya mwisho inatafuta poti 6667 ya gumzo; ikionyesha 127.0.0.1 pekee, yaani anwani ya mashine yenyewe, bado kuna Listen uliyoisahau. Isipoonyesha chochote, soma kumbukumbu za seva kwa amri journalctl -u ngircd -b.

Walimu wajue pia kwamba ngIRCd haihifadhi mazungumzo: asiyekuwepo ujumbe ulipotumwa hataukuta. Tangazo la mkutano litakalosomwa kesho yake bado linahitaji ubao wa ofisini, au seva ya gumzo ya aina nyingine kama Prosody, inayoweza kutunza kumbukumbu.