Namba moja kwenye drafti halafu anaishia garasa, wazazi tuangalie nini?

Kwa mliopo nyumbani niweke sawa kwanza, ninayoongelea hapa ni futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti, sio soka letu. Mi naishi Houston, na hapa Texas Ijumaa usiku mtaa mzima unahamia uwanja wa shule. Misimu kadhaa sasa najitolea kwenye timu ya sekondari ya mtaani, kazi yangu ni kurekodi mechi kutoka juu jukwaani afu usiku nakata video ili Jumamosi asubuhi kocha akae na madogo waangalie. Kwahiyo nimeona vijana wengi wakipanda na wengi wakikwama, na kila ikifika Aprili wakati wa drafti ya NFL, yaani timu za ligi kuu ya futiboli zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, simu yangu haipoi, wazazi Wabongo, Wakenya, Wakongo ambao watoto wao wanacheza wananiuliza swali lilelile: inakuwaje kijana anachaguliwa wa kwanza au wa pili nchi nzima, anasaini mamilioni, halafu miaka mitatu mbele hana timu, garasa kabisa?

Jibu wanalolipenda watu ni kwamba alivimba kichwa, hela zikamlevya. Wapo wa hivyo, sikatai. Ila mi nikipitia majina ya walioanguka naona mambo mawili yanajirudia kuliko hela, alipelekwa wapi, na alikuwa anashinda kwa kitu gani kabla hajafika huko.

Tuanze na alipopelekwa. Timu ziko 32, raundi 7, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita ndo inachagua kwanza. Nia ni nzuri, wanyonge wapate nguvu, lakini angalia maana yake kwa kijana mwenyewe. Anayeonekana bora kuliko wote anaenda pale ambapo kocha anakaribia kufukuzwa au ndo kaletwa juzi, mstari wa mbele hauzuii, na mashabiki wamechoka kusubiri. Halafu anaambiwa aanze kucheza leoleo kwasababu tiketi zimeshauzwa kwa jina lake.

Hili la David Carr linaniuma kwasababu ni la mjini kwetu. 2002 Houston Texans ndo wanaingia ligi kwa mara ya kwanza, wakamchukua Carr namba moja, kwotabeki, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, wakamkabidhi timu tangu mechi ya kwanza. Wa kumlinda hawakuwepo. Msimu ule aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ambayo NFL haijaivunja. 2005 wakamwangusha tena mara 68! Afu watu wakawa wanalalamika eti anawahi kuachia mpira, eti macho yake yanawatazama wanaokuja kumkaba badala ya wenzake walio wazi, sasa jamani mtu kaangushwa kiasi hicho, mwili wenyewe si unajifundisha kuogopa? Hiyo tabia hakuja nayo kutoka chuoni Fresno State, aliipata kazini.

Mfano mwingine ni drafti ya 2005. San Francisco 49ers walimchukua kwotabeki Alex Smith namba moja, kwotabeki mwenzie Aaron Rodgers akakaa pale ukumbini anasubiri mbele ya kamera mpaka Green Bay wakamchukua wa 24. Smith akaanza mwaka uleule, msimu mzima tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, kama goli kwetu) moja ya kurusha na pasi 11 zilizodakwa na wapinzani, na kwa miaka yake ya mwanzo karibu kila msimu anabadilishiwa mkufunzi wa mashambulizi, yaani kila mwaka anaanza upya daftari la michezo na majina mapya ya kila kitu. Rodgers huku akasugua benchi miaka mitatu nyuma ya kwotabeki mkongwe Brett Favre, akaingia 2008, na amekuja kuwa MVP, mchezaji bora wa msimu, mara nne. Kila mtu anasema 49ers walikosea kuchagua. Sawa, inawezekana, ila mbona alipokuja kocha Jim Harbaugh 2011 Smith huyohuyo wa mkono uleule akaifikisha timu ushindi wa mechi 13 na wakabakiza mechi moja tu waende Super Bowl, fainali ya ligi? Na huyohuyo Smith ndo alikuwa mbele ya Patrick Mahomes kule Kansas City 2017, Mahomes akakaa karibu msimu wote anaangalia, mwaka uliofuata akarusha tachidauni 50 akabeba MVP.

Sio kila anayekaa benchi anakuwa Mahomes, lakini akikwambia mtu kwamba kusubiri kunaua kipaji usimkubalie kirahisi.

Jambo la pili ndo naliona kwa macho yangu kila msimu. Kuna dogo mmoja tulikuwa nae, mkubwa kweli, miaka 15 anavaa viatu vya mtu mzima, nafasi yake mstari wa mbele kushoto. Kila mpinzani anasukumwa mpaka nje ya uwanja, wazazi jukwaani wanapiga kelele, barua za vyuo zinaanza kuja. Jumamosi moja kocha akasimamisha video sekunde moja kabla mpira haujatoka, akamuuliza hapa unamzuia nani? Dogo akasema yule atakayekuja. Kocha akageukia dogo mwingine mwembamba wa akiba, akajibu bila kufikiri, namba 54 kaweka uzito kwenye vidole vya mguu wa kulia anakuja ndani, 9 anajifanya anakuja ila atarudi nyuma kukaba pasi, kwahiyo mi namchukua 54. Akarudishiwa video, ikatokea hivyohivyo. Yule mkubwa hakuhitaji kuyajua hayo kwasababu ukubwa ulikuwa unatosha, na hakuna aliyemlazimisha. Alipofika chuo akakuta wote ni wakubwa kama yeye.

Sasa lipeleke hilo juu kabisa. Vernon Gholston alitoka Ohio State, kwenye majaribio ya Indianapolis kabla ya drafti aliwaacha maskauti, wasaka vipaji wa timu, midomo wazi kwa kasi na nguvu, New York Jets wakamchukua wa 6 mwaka 2008. Kazi aliyoajiriwa ni kuwaangusha makwotabeki. Misimu mitatu hakumwangusha hata mmoja. JaMarcus Russell, namba moja 2007, mkono wa kurusha mpira karibu uwanja mzima, aligombania mkataba mpaka kambi ya mazoezi ikapita yote, akapata zaidi ya dola milioni 30 za uhakika, akaanza mechi 25 akashinda 7, Mei 2010 Oakland Raiders wakamwacha. Mkono ulikuwepo siku zote. Kambi ile ya kwanza ndo ingemfundisha vitu ambavyo mkono hauwezi.

Majeraha nayapitia haraka maana hayana ujanja. Wakongo mnamjua Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, Carolina Panthers walimchukua wa 8 mwaka 1996 na mwili haukumruhusu, hakuwahi kufikisha yadi 1,000 za kukimbia na mpira kwa msimu. Huyo kumwita garasa mi naona ni kumuonea.

Halafu ipo bahati, ambayo wenye timu hawapendi kuisikia. Cade Massey na Richard Thaler, huyu Thaler ndo alipata Nobel ya uchumi 2017, walipitia drafti za miaka mingi wakakuta uwezekano wa mchezaji kuanza mechi nyingi kuliko anayefuata kuchaguliwa wa nafasi hiyohiyo ni asilimia 52 hivi. Ni kama kurusha shilingi. Kwahiyo mtoto akichaguliwa juu ya mwenzake haina maana kaachana nae mbali.

Na moyo je? 1998 makwotabeki wawili, Peyton Manning namba moja, Ryan Leaf namba mbili. Wote walianza vibaya, Manning pasi zake 28 zilidakwa na timu yake, Colts, ikafungwa mechi 13, Leaf tachidauni 2 pasi 15 zikadakwa. Manning akapata nafasi ya kuendelea kujifunza, Leaf akagombana na waandishi na wenzake, na baadae mwenyewe amesimulia hadharani habari za afya ya akili na uraibu wa dawa. Vijana wetu tunawalea wasilie, wasilalamike, mi naomba dogo wako awe na mtu mzima mmoja anaemwambia ukweli akifungwa, awe mjomba, mchungaji, shehe, yoyote asiyehusika na timu.

Mkienda kutembelea chuo msidanganyike na ukumbi wa vyuma na viatu vya bure. Muulize kocha wa nafasi ya mwanao ana miaka mingapi pale, na nani alimfundisha akatoka bora kuliko alivyoingia. Omba kukaa kwenye kikao kimoja cha video, angalia kama kocha anauliza maswali au anapiga kelele tu. Na wakimwambia atasubiri mwaka mzima bila kucheza, kabla hujapiga simu kulalamika muulize mtoto kwanza, mazoezini anapangwa kundi la ngapi, na kwenye kile chumba cha video anakaa pembeni ya nani.