Jibu: Mchuzi wa jibini kukatika

Umeuliza kwa nini mchuzi wa jibini wa makaroni unakuwa chengachenga na kutoa mafuta. Sababu ni moto kuzidi. Jibini likichemka, protini zake hukazana na kuyaachia mafuta.

Kaanga siagi gramu 40 na unga wa ngano gramu 40 kwa dakika 2, usiubabue. Mimina maziwa vuguvugu mililita 600 kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka mchuzi ushike mgongo wa kijiko. Epua kwanza, ndipo utie jibini gramu 250 ulilolikwaruza mwenyewe. Lililokwaruzwa kiwandani hupakwa wanga lisigandane, kwa hiyo haliyeyuki vizuri.

Makaroni yatoe dakika 2 kabla hayajaiva, yatamalizikia kuiva kwenye oveni ukishayachanganya na mchuzi. Mchuzi ukionekana mwepesi mno usiongeze unga, makaroni yataunywa.