Kidonda cha kisukari: kabla hujanunua dresingi ya bei mbaya

Siku hizi ndugu wa mgonjwa wanaingia chumba cha vidonda na simu mkononi, picha ya dresingi, yaani kifuniko cha kidonda, imeshafunguliwa. "Dada nesi, hii yenye madini ya fedha itamfaa baba?" Jibu langu ni lilelile: tukione kidonda kwanza.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kidonda kikaushwe. Basi kinamwagiwa spiriti, haidrojeni peroksaidi, wengine hupasua kidonge cha antibayotiki na kunyunyizia unga wake. Acha. Vimiminika hivyo vinaunguza pia chembe changa zinazojaribu kuziba kidonda, na unga wa kidonge unawazoeza bakteria dawa. Tangu 1962 George Winter, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwa nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu linaota ngozi haraka, karibu mara mbili ya lililoachwa wazi likauke. Dresingi nyingi za kisasa zimezaliwa hapo.

Angalia gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia kidonda, ikiwa kavu na imegandia. Ukiivuta inatoka na nyama changa, ile nyekundu yenye punjepunje, damu inachuruzika na mzee anang'ata shuka. Mimi huilowesha kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya gramu 9 kwa lita, naiacha ilainike, ndipo naibandua kuanzia pembeni. Ukifunga nyumbani, fanya hivyo hivyo.

Kidonda chenye maambukizi kina shida nyingine. Bakteria hujijengea utando wa utelezi juu ya kidonda na kujificha ndani yake, dawa inapita juu juu. Kwa hiyo kabla ya dresingi yoyote, nyama iliyokufa na huo utando viondolewe, na kazi hiyo aifanye mtaalamu, si wembe wa nyumbani. Ukibandika dresingi ya gharama juu ya nyama iliyooza umetupa pesa.

Baada ya hapo ndipo tunachagua. Kidonda kinachotoa majimaji mengi kinapenda dresingi ya alijineti, inayotengenezwa kwa mwani wa kahawia: inanyonya ute na kugeuka jeli, haigandi. Madini ya fedha yanaua bakteria wa aina nyingi, lakini si ya kutumia miezi. Tunaweka kama wiki mbili, tunatathmini, maambukizi yakiisha tunaitoa. Asali nayo ni dawa kweli: sukari yake inavuta maji kutoka kwa bakteria, ina tindikali, na ikichanganyika na ute inatoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, kiasi kisichounguza. Ila asali ya kidonda imepigwa mionzi ya gama kuua vijidudu vilivyolala ndani yake. Ya kwenye chupa ya sokoni weka kwenye chai. Zile plasta za jeli zinazoziba kabisa, hapana, usizibe usaha.

Vijana wa vyuo wanaobuni dresingi mpya, za kaitosani inayotoka kwenye maganda ya kamba na kaa, au zinazobadilika rangi tindikali ya kidonda inapobadilika, nawapenda sana. Ombi langu kwao ni dogo. Mgonjwa wangu anaishi chini ya bati, jasho linamtoka, na nauli ya kuja kliniki kila siku hana. Mtengenezeeni kitu kinachokaa siku tatu bila kuteleza, kisichohitaji friji, kinachobanduka bila kuvuta nyama. Rangi zifuate baadaye.

Halafu kuna mambo ambayo hakuna dresingi inayoyaweza. Sukari ikiwa juu, kidonda hakifungi. Mguu wenye ganzi ukikanyagiwa kutwa nzima, hakifungi vilevile, kwa hiyo muulize daktari kuhusu kiatu maalumu au magongo kabla ya kuuliza bei ya dresingi.

Wekundu ukianza kupanda mguuni, homa ikaingia, harufu ikabadilika ghafla, mfupa ukaonekana au kidole kikawa cheusi, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali usiku huohuo.